Naomba ushauri: Windows na Ubuntu kwenye diski mbili, kila moja ijitegemee

Wakuu, salamu kutoka Mbeya, Mwanjelwa. Kompyuta ya mezani ya ofisi ina SSD ya GB 240 yenye Windows 10 na diski ya GB 500 yenye Ubuntu 22.04, zote kwa UEFI (mfumo wa kisasa wa kuwashia kompyuta). Shida: ukichomoa SSD, Ubuntu haiwaki. Sababu inajulikana, wakati wa kuinstoli, GRUB (programu inayoiwasha Ubuntu) ilijiweka kwenye patisheni ya EFI, yaani sehemu ya mafaili ya kuwashia, ya SSD ingawa diski iliyochaguliwa ni ile nyingine. Tabia ya zamani hiyo.

Mpango: kuwasha kwa flashi ya Ubuntu, kupunguza patisheni ya diski ya Ubuntu kwa GParted (programu ya kugawa diski), kutenga hapo MB 512 za FAT32 zenye alama ya esp ziwe patisheni yake ya EFI, kubadilisha UUID (namba ya utambulisho wa patisheni) ya /boot/efi ndani ya /etc/fstab, faili linaloiambia Ubuntu patisheni za kutumia, kisha grub-install na update-grub ili GRUB iwekwe hapo. Bakapu ipo kwenye diski ya nje, maana umeme ukikatika katikati ya kupunguza patisheni, umekwisha. Fast Startup (Windows kuwaka haraka bila kuzima kabisa) imezimwa kwa powercfg /h off.

Ninapokwama: kwenye grub-install niongeze --removable ili GRUB ikae EFI/BOOT/BOOTX64.EFI, njia ya kawaida ambayo kompyuta huitafuta yenyewe? Baadhi ya bayosi hufuta diski iliyochomolewa kwenye orodha yao ya kuwashia, na njia hiyo ingeokoa. Na folda ya EFI/ubuntu kwenye SSD, niifute kabla au baada ya kuhakikisha diski ya pili inawaka yenyewe? Mimi naona baada.

Tafadhali msiniambie niweke VirtualBox (programu ya kuendesha mfumo mmoja ndani ya mwingine). RAM ni GB 4 tu.