Tupeane uzoefu: UX ukiwa Lamu au Malindi, mliingiaje na kazi mnapataje?

Mwana wa Jeti, Lamu

Asalaam aleikum wadau, na wengine wote hamjambo. Nimeufungua huu uzi manake vijana wa huku wananiuliza inbox kila mara, kaka hii UX ni nini, inalipa, naanzia wapi, na nikimjibu mmoja mmoja ntazeeka kabla sijamaliza. Kwa ufupi UX, yaani user experience, ni kazi ya kuhakikisha kitu, iwe app, wavuti, ATM au hata fomu ya karatasi, mtu anakitumia bila kuteseka. Don Norman, mtaalamu wa saikolojia na usanifu, alipoingia Apple mwaka 1993 ndio cheo chake kikaandikwa hivo na jina likaenea, lakini wengi huku bado wanadhani ni kuchora skrini zenye rangi tamu basi. Walioko Nairobi wana mikutano yao, sisi tupeane ya huku huku. Na msituwekee majina ya kozi tu, tuambieni mlimpataje mtu wa kuwalipa.

Naanza mimi. Waendesha boti kadhaa wa Mokowe walitaka ukurasa wa kubuku kiti kabla abiria hajafika jeti. Kijana wa kuandika programu alikua ashamaliza kazi yake, mimi nikaitwa niupendezeshe. Nikasema sipendezeshi kitu kabla sijaona watu wakikitumia. Nikakaa pale jeti na simu, nikawa naomba wanaosubiri, "shangazi hebu nibukie boti ya kesho asubuhi". Akaja bi mkubwa mmoja, buibui lake na kikapu, anataka boti ya saa moja asubuhi. Akagusa palipoandikwa saa, likafunguka lile duara la saa, akagusa 1. Simu ikaandika 1:00 AM. Yeye karidhika kabisa, kidole kishafika kwenye batani ya kulipa, mjukuu wake akachungulia akaangua kicheko: "bibi umebuku boti ya saa saba usiku, utapanda na majini?"

Sasa pale hakuna cha kumfundisha bibi. Saa yake iko sawa, ni ule ukurasa uliokuja na saa ya watu wengine. Tukalitoa duara lote, kwanza boti zenyewe hazitoki kila dakika, tukaweka orodha: saa 1 asubuhi, pembeni yake 7:00 kwa maandishi madogo kwa ajili ya mgeni anayewahi ndege Manda, kisha inayofuata, na inayofuata. Nahodha anasoma saa 1, mtalii anasoma 7:00, wote wanakutana jeti. Kingine nilichokiona siku ile ni maandishi ya kijivu juu ya nyeupe, ndani ya nyumba yanapendeza, adhuhuri juani hakuna aliyeyasoma, kila mtu anaikinga skrini kwa mkono. Hilo lina kipimo chake, miongozo ya WCAG, ile ya kimataifa ya kufanya wavuti zitumike na kila mtu, inataka maandishi ya kawaida yapishane na rangi ya nyuma angalau 4.5 kwa 1, na vifaa vya kupimia viko bure onlaini. Wala huhitaji umati wa watu, Jakob Nielsen, mtafiti wa mambo haya ya urahisi wa kutumia, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanakuonyesha sehemu kubwa ya matatizo, alaf unarekebisha unajaribu tena na wengine.

Nilipofanya intavyuu na kampuni moja, kazi ya kufanyia huku huku kisiwani, potifolio yangu ilikua na skrini nyingi nzuri tu. Hawakuziuliza. Waliuliza ile saa, kwa nini mlitoa duara, mlijaribu nini kingine, manahodha walisemaje. Haya, wengine.

Bint Marafa, Malindi

Mimi sikujua kama nilichokua nafanya kina jina. Nilikua naajiriwa kwa vibarua vya kukusanya takwimu za mashirika, unapewa tableti yenye Kobo, programu ya kujazia dodoso, unazunguka Magarini na Ganze nyumba kwa nyumba kuuliza maswali. Kazi ya jua na vumbi, malipo kwa siku. Lakini ile kazi imenifundisha kitu ambacho hao wa kozi hawakipati, kwamba mzee wa Kigiriama akikujibu ndio, ndio, haraka haraka, hajaelewa, anakuheshimu tu kwa sababu wewe ni mgeni wake na umekalishwa kwenye kiti kizuri. Ukimuuliza app umeipenda atakwambia nzuri sana mwanangu. Ukimwambia "baba nionyeshe unavyotafuta bei ya mahindi hapa" ndio utaona kidole kinazunguka hewani hakijui kitue wapi. Siku hizi siulizi tena kama mtu amependa, namuomba afanye, mimi nakaa kimya. Kukaa kimya ndio kugumu, unatamani umshike mkono.

Kazi ya kwanza ya utafiti wa UX niliipata kwa msimamizi wangu wa zile dodoso, alihamia kampuni ya programu za wakulima akakumbuka nani alikua anaandika maelezo marefu pembeni ya majibu. Cheti sina mpaka leo. Na kama unarekodi watu, sauti au video, omba ruhusa na uwaambie itakaa wapi na nani ataiona, tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019 na klaenti wa nje siku hizi wanauliza hilo mapema kabisa.

Mzushi wa Watamu

Ntaharibu sherehe kidogo mnisamehe. Ile kozi ya UX ya Google kule Coursera, tovuti ya kozi za mtandaoni, ilipotoka 2021 kila mtu alichukua, hata binamu yangu anayeuza vipuri vya tuktuk anayo. Cheti kile hakina ubaya, kimepangwa vizuri na ukikosa hela unaweza kuomba msaada wa ada, ila usidhani mwajiri akikiona atashtuka. Kampuni kubwa zilipopunguza watu 2022 na 2023, wazoefu wakarudi sokoni wanagombania kazi zile zile na wewe unayeanza. Huo ndio ukweli.

Mimi nakula kwa mahoteli na watu wa safari za baharini. Hakuna anayeniita UX, wananiita "yule kijana wa website". Nimeitwa pahali wanalalamika wageni wanalipa mara mbili. Mfumo niliukuta ushajengwa na watu wengine. Nikakaa na dada wa mapokezi nikamuomba abuku safari ya kwenda kuona pomboo, alipe kwa simu. Akabonyeza Lipa. Kikawa kinazunguka kile kiduara, hakuna neno, hakuna chochote. Ombi la M-Pesa la kuweka PIN lilikua lishaingia, lakini kwenye simu yake nyingine iliyoko ndani ya mkoba, na yeye macho yako kwenye kompyuta. Akangoja, akabonyeza tena. Ombi la pili hilo. Dawa yake haikua uchawi: ukishabonyeza batani inafungwa, panatokea maandishi makubwa "tumetuma ombi kwenye namba hii, fungua simu uweke PIN", namba inaonekana na inabadilishika, na chini kuna kisanduku cha kubandika ile namba ya muamala ya M-Pesa, yenye herufi na tarakimu kumi, kama ulishalipa na ukurasa ukakwama. Malalamiko yakaisha, na mwenye hoteli akanipeleka kwa shemeji yake mwenye nyumba za kupangisha Waitaliano. Kule nikakuta kingine, maneno ya Kiitaliano marefu yanatoka nje ya batani, lakini hicho ni kisa cha siku nyingine.

Kwa hivo mimi nasema msikimbilie kuitwa "designer". Tafuta biashara inayopoteza hela kwa sababu ya skrini mbovu, hiyo itakulipa hata leo jioni.

Mama Swaleh, Shela

Mzushi umesema kweli lakini umepita mipaka kidogo mwanangu, kuchora nako ni kazi. Nilikua mwalimu, nimeingia huku watoto wangu wakiwa wakubwa, nafanya usiku nyumbani kwa klaenti wa nje. Nakubali utafiti ndio msingi, ila nimewaona vijana wanaokuja na maelezo ya kurasa nyingi alaf hawawezi kupanga skrini moja ikasomeka. Jifunze nafasi, ukubwa wa maandishi, mpangilio. Batani ya kuguswa ukiifanya ndogo kuliko kidole, miongozo ya Android inataka dp 48 kwa 48, Apple wanasema pointi 44, hivo ni vipimo vya skrini, basi utafiti wako wote umekwenda na maji.

Na akina dada wa hapa wanaoniuliza: ndio, inafanyika ukiwa nyumbani, ila elezeni watu wa nyumbani kwamba ule mkutano wa saa tatu usiku ni kazi. Mamangu mpaka leo anadhani naongea na mashoga zangu.

Kassim mwanafunzi

Shukran wakubwa. Swali langu, laptopu sina, nina simu tu na bando la shida. Naweza kuanza au ningoje?

Mwana wa Jeti, Lamu

Kassim usingoje. Figma, ile programu ya kuchorea skrini, kwenye simu ni ya kutazama zaidi kuliko kuchora, kwa hivo iache kwanza. Chukua karatasi na kalamu. Tafuta zile kanuni kumi za Nielsen za mwaka 1994 za kupima kama kitu ni rahisi kutumia, zisome polepole, ziko bure, alaf chagua kitu kimoja unachokitumia kila wiki, mfano kubuku basi la Malindi kwenda Mombasa, ukipitie skrini kwa skrini ukiandika ni kanuni gani imevunjwa na wapi. Kisha ichore upya ile skrini mbovu kuliko zote, kwenye karatasi yenye ukubwa wa simu, umpe mtu aguse kwa kidole wewe unambadilishia karatasi kila akigusa. Ndio inavyofanywa hata na wenye laptopu. Piga picha uzitume hapa, mimi na Bint Marafa tutakukosoa bila huruma. Laptopu ya mtumba utaitafuta ukishapata klaenti wa kwanza, na Figma ya bure inatosha kwa mwanzo.

Bint Marafa, Malindi

Na huyo mtu wa kugusa asiwe rafiki yako wa darasani. Mtafute anayesafiri kweli.