Sini ya nyuzi 30 na 150: naomba msaada wa kumwelewesha kijana

Kutoka: Mama Wawili, Leicester

Shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo. Kijana wangu anasoma A-level. Kaulizwa: sini ya x ni 0.5, taja pembe zote kati ya 0 na 360. Kikokotoo kikampa 30, akaandika 30, akapata nusu ya alama. Ananiuliza hiyo 150 imetoka wapi. Mimi nilisoma kwa majedwali nyumbani, nayo yaliishia nyuzi 90.

Kutoka: Mjomba, Reading

Marahaba, mama. Usianze na kanuni, shusheni saa ya ukutani. Pembe tunaipima kuanzia namba 3, tukipanda kuelekea 12. Kwa hiyo namba 2 ni nyuzi 30, 12 ni 90, na 10 ni 150. (Nasema namba kwa makusudi. Namba 2 kwetu ni saa nane, na watoto waliokulia huku huchanganyikiwa hapo.) Chukua urefu wa mshale uwe 1. Sini ni kimo cha ncha yake juu ya mstari unaotoka 9 kwenda 3, basi. Sasa laza rula kutoka 10 hadi 2: imenyooka, haikuinama popote. Kimo ni kimoja, nusu. Ndiyo 180 kutoa 30.

Kikokotoo hakijakosea. Kimeundwa kutoa pembe moja tu, kati ya hasi 90 na 90. Mwenzake anatafutwa na mwanafunzi.

Kutoka: Mama Wawili

Ameelewa, Mungu akubariki! Ila kwa hasi 0.5 kinatoa hasi 30, nayo haimo kwenye 0 hadi 360.

Kutoka: Mjomba, Reading

Hasi 30 ni kushuka kutoka 3 hadi 4. Ongeza 360 upate 330, ni palepale kwenye 4. Iliyo kimo sawa nayo ni namba 8: 180 kutoa hasi 30, yaani 210. Ajibu 210 na 330. Na kabla ya mtihani atazame juu ya kioo cha kikokotoo paandikwe D, yaani nyuzi. Pakiwa na R kinahesabu kwa radiani, kipimo kingine cha pembe, badala ya 30 ataona 0.52.

Kutoka: Dada, Minneapolis

Wa kwangu aliulizwa pembe zote bila mpaka. Hapo kila jibu liongezewe 360 mara n, n ikiwa namba kamili yoyote, hata hasi. Saa ni ileile, mshale unazunguka tu.