Yule DJ mnayemjua kanidhalilisha kwenye maiki, mbele ya wakwe!!!

Wakuu, nimeingia ndani sasa hivi, hata viatu sijavua. Naandika mkono unatetemeka, msinisahihishe herufi.

Jina simtaji. Mnamjua. Yule wa miwani nyeusi saa nne usiku, spika kazifunga kwa kamba ya katani, kila sherehe lazima aulize "mpo mpooo?" mara mia nane. Huyo huyo.

Leo tumemuaga baba mkubwa kazini, kastaafu. Mzee ni mtu wa John Fogerty, yule mwimbaji wa bendi ya Creedence ya Marekani, babu wa roots rock. Tangu tuko wadogo alituua na kanda yake moja. Ikikatika anaiunga kwa rangi ya kucha ya mama mkubwa. Nikasema safari hii nampa zawadi ya maana, nikamtafutia CD ya The Long Road Home, ya 2005. Nyimbo 25, za bendi na za baada ya bendi, pamoja. Msione ni kitu kidogo. Jamaa aligombana na mwenye kampuni iliyotoa rekodi zao, Saul Zaentz, mpaka miaka kibao akasusa kuimba nyimbo za Creedence jukwaani, nyimbo alizotunga mwenyewe! Kampuni ilipouzwa 2004 ndipo akarudi kwenye kampuni hiyo, na mkusanyiko huo ukapatikana.

Sasa. Nampa DJ CD kwa adabu zote, nimeifunga kwenye leso. Anaipokea vidole vinang'aa mafuta ya kuku. Namwambia weka Proud Mary, wimbo wa mzee. Unaanza. Mzee anavua koti, anasogea katikati, bega la kwanza tu limeanza kucheza, muziki KATAAA. Kwenye maiki: "Aliyeleta hii CD aje aichukue. Huyu mzungu kaiba wimbo wa Tina Turner. Sisi hapa tunapiga orijino."

Ukumbi ukaangua kicheko. Wakwe wakacheka. Mpishi akatoka nje na mwiko wake aje kucheka. Kuna kichanga kiliacha ziwa kikacheka. Na mzee kasimama pale katikati, mkono mmoja kwenye koti mwingine nje.

Wimbo katunga Fogerty, umetoka 1969. Tina na mumewe wa wakati huo, Ike, waliurudia 1971. Mama yule namheshimu, pengine kaupiga kuliko mwenyewe, lakini KAIBA? Kwenye maiki?

Na huyu Fogerty alishashtakiwa kwa kujiiga MWENYEWE! Kampuni ilimpeleka mahakamani ikidai wimbo wake wa 1985 kauchota kwenye wimbo wake wa 1970, kwa sababu ule wa zamani haki zilikuwa za kampuni. Akapanda kizimbani na gitaa, akawapigia waone anavyotunga, 1988 akashinda. Kashinda Marekani, aje ahukumiwe Tabata na mtu mwenye mafuta ya kuku!

"Huyu mzungu kaiba." Kwenye maiki wakuu. KWENYE MAIKI.

Kibuyu cha Togwa: Pole mkuu. Ila CD? Mwaka huu? Ulifika nayo kwa mkokoteni?

Mkwe wa Tatu: Nilikuwepo. Mleta uzi hajawaambia kwamba alipokimbilia CD yake alijikwaa kwenye waya, ukumbi mzima giza dakika kumi. Hapo ndipo tulipocheka. Tina tulishamsahau.

Mleta uzi: Waya ulikuwa wake!! Nani anapitisha waya mlangoni?

Simba wa Yuda: Nimeona roots nikafungua mbio. Mbona rasta hazionekani?

Mleta uzi: Roots ROCK mkuu, siyo rege. Bluzi na kantri zimepikwa chungu kimoja.

Kibuyu cha Togwa: Halafu si ndiyo huyo mtu wa California anayeimba vinamasi vya Louisiana kama kazaliwa ndani ya mtumbwi? DJ ana hoja kidogo.

Mleta uzi: Toka kwenye uzi wangu.

Dada wa Kamati: Afadhali wewe umekatiwa wimbo. Shemeji yangu, mpiga picha kamletea albamu ya harusi juzi, bwana mwenyewe alishahama na godoro lake.

Kidumu cha Njano: Hamjakutana na MC wangu. Kasimama kwenye send-off ya dada akamkaribisha bwana harusi kwa jina la yule wa zamani. Baba aliinamia sahani mpaka mwisho wa shughuli.

Simba wa Yuda: Mimi nimechanga laki nzima, pilau ikaishia meza ya jirani. Nikala kachumbari na ndizi moja, huku mwenyekiti wa kamati anafunga vyombo vyake vya kwenda navyo.

Dada wa Kamati: Sisi wa kamati tunaonewa sana. Watu wanaahidi, siku ya kulipa simu zinazimwa, halafu wanakuja na watoto sita.

Kidumu cha Njano: Sita? Kuna mtu kaja na jirani na mgeni wa jirani.

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada. CD yangu bado anayo.

Kidumu cha Njano: Mkuu, huo ukumbi wanaruhusu kuingia na vinywaji?

Mkwe wa Tatu: Soda wanaruhusu. Bia unalipia kila kreti.