Naomba ushauri: kuunganisha shule 14 za Bukavu

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Bukavu. Nimepewa kazi ya kupanga mtandao wa shule 14 zilizotawanyika Ibanda, Kadutu na Bagira, na sitaki kuwaangusha walimu mara ya pili. Mwaka jana fundi mmoja alitufungia antena juu ya mabati bila waya wa kupeleka radi ardhini. Mvua ya kwanza ya radi iliunguza ruta tatu. Moja niliishika mwenyewe: tundu la kebo limeyeyuka, jeusi kama makaa. Tangu siku hiyo prefe, yaani mkuu wa shule, anatuma watoto na bahasha za pointi za wanafunzi, wanashuka mlima kwa miguu, hata mvua ikinyesha. Inaniuma sana.

Nafikiria kituo kikuu kilimani, kisha redio za gigahezi 5 zinazotazamana na kila shule. Kati ya majengo nataka faiba, kebo ya nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga: kebo ya shaba ya mtandao mwisho wake ni mita 100, na tena huingiza radi ndani, faiba haipitishi umeme. Hapo sina wasiwasi.

Shida ni shule mbili za Bagira zilizojificha nyuma ya mgongo wa kilima. Niweke redio ya kupokezana juu, yenye sola na betri yake, au nizipe setilaiti? Juu kule nani atalinda betri usiku? Na umeme ukikatika siku mbili mfululizo, nyinyi mliokwisha kufanya kazi hii mnapiga hesabu ya betri vipi?