Tupeane uzoefu: vidonge vya homoni kwa wenye PCOS, kilo zilipanda au zilishuka? (Kigoma, Tabora na jirani)

Dada wa Ujiji
Wapendwa, habari za jioni. Naomba wenye PCOS, ule mvurugiko wa homoni unaoharibu hedhi na kuzidisha homoni za kiume mwilini, tukutane hapa, hasa wa mikoa yetu hii ambako mtu wa wilayani mpaka apange nauli ndipo amuone daktari wa wanawake.

Mdogo wangu yuko Kasulu. Hedhi ilipotea miezi, ndevu zikaanza kidevuni, akapimwa, akaanzishiwa vidonge vya majira. Paketi ya pili haijafika nusu kaviweka kabatini, kwa sababu mawifi wamemwambia atavimba kama puto na vidonge vitarundikana tumboni. Inaniuma. Sitaki aache dawa kwa maneno ya barazani, nataka asome ya waliopitia. Semeni mlitumia nini, vidonge, sindano au kijiti, mlianza na kilo ngapi na ilikuwaje.

Naanza mimi. Nilianza vidonge nikiwa na kilo 74. Mwezi wa kwanza mizani ikasoma 76, matiti yanauma, pete inabana. Kufika mwezi wa tatu zile mbili zimeondoka zenyewe, yalikuwa maji. Lakini kuna hili watu hawalisemi: mwaka mmoja kabla ya kumeza kidonge hata kimoja nilikuwa nimepanda kutoka 66. Hizo nane tumlaumu nani? PCOS yenyewe inanenepesha. Insulini, ile homoni ya kushusha sukari, haifanyi kazi sawasawa, tumbo linajaa, shingo inakuwa nyeusi, njaa haiishi. Ukianza dawa katikati ya safari hiyo, dawa ndiyo inabeba lawama zote.

Mama Pacha, Urambo
Mimi nilipanda kweli, kilo 5, na sikuwa na maji wala nini. Vidonge vilinipa kichefuchefu asubuhi, nikawa natuliza kwa kula. Chapati kidogo, chai ya maziwa, kiazi, saa nne tena. Nesi aliponiuliza nakula mara ngapi kwa siku nilishindwa kuhesabu. Akaniambia nimeze usiku baada ya chakula, nilale. Kichefuchefu kikaisha na kula ovyo kukaisha. Zimeshuka 3, mbili bado zipo na wala hazinisumbui, kwa sababu hedhi sasa inakuja kila mwezi na chunusi za mgongoni zimekauka.

Mke wa Mvuvi
Niko Kibirizi. Kwangu ilikuwa sindano, siyo vidonge. Niliingia na 61, ilipofika ya tatu nina 70. Chakula kilekile, ugali wa muhogo na dagaa, mawese kama siku zote. Watu wananisifia eti nimependeza, bwana anatunza, mimi magoti yanalia. Na damu ilikata kabisa. Nimehamia vidonge, kilo zimesimama, hazijashuka.

Nesi wa Zamu
Nawasoma kwa makini, dada zangu. Hapo Mke wa Mvuvi amegusa penyewe. Tusiviweke vyote kapu moja. Sindano ya miezi mitatu ina homoni moja tu, na ndiyo ambayo baadhi ya wanawake hunenepa nayo kweli. Ukiona umepanda zaidi ya asilimia 5 ndani ya miezi 6 ya mwanzo, rudi kliniki mapema, maana anayepanda hivyo mara nyingi huendelea kupanda.

Vidonge vyenye homoni mbili ni habari nyingine. Mwaka 2014 yalitoka mapitio ya tafiti 49 kuhusu njia zenye homoni mbili na uzito, na hayakukuta kwamba zinanenepesha kwa kiasi kikubwa. Kwa mwenye PCOS vinatuliza homoni za kiume, ndiyo maana chunusi na ndevu hupungua, ingawa ndevu zinataka subira ya miezi 6 au zaidi. Pia vinalinda mji wa mimba. Usipopata hedhi muda mrefu, ukuta wake unazidi kujijenga, na miaka ikienda hivyo hatari ya saratani inaongezeka. Hilo linanitisha kuliko kilo mbili.

Kidonge hakirundikani tumboni, kinayeyuka kama dawa nyingine. Na vile saba vya kahawia mwishoni mwa paketi havina homoni, ni madini ya chuma.

Binti Nzega
Mimi nilipungua, ila siwezi kuwapa vidonge sifa hiyo. Daktari aliniongezea metformini, ile dawa ya kisukari, tumbo likaendesha wiki za mwanzo mpaka nikazoea kuimeza pamoja na chakula. Halafu nikaacha soda na kupunguza wali wa usiku, jioni natembea. Nimetoka 88 hadi 81. Niliambiwa hata asilimia 5 ya uzito inatosha kuamsha hedhi, nami nimeiona kwa macho yangu.

Shangazi wa Kitongoji
Wanangu, pimeni presha kabla! Mimi nina 41 na presha ilikuwa juu, nikakataliwa vidonge vya homoni mbili. Nikapewa vya kuita hedhi, nameza siku 10 kisha damu inakuja. Uzito wangu haukusogea.

Nesi wa Zamu
Sahihi kabisa, shangazi. Pia mwenye kipandauso cha kuona vimulimuli, aliyewahi kuganda damu mguuni, au mvutaji sigara aliyefika miaka 35, aseme mapema, vidonge hivyo havimfai.

Mke wa Mvuvi
Nesi, nikiacha vyote kilo zitarudi 61?

Nesi wa Zamu
Maji huondoka haraka. Mafuta hayaondoki kwa kuacha dawa, na ukiacha PCOS inabaki palepale, kwa sababu vidonge vinaituliza tu, haviiponyi. Bora mpime uzito siku ya kuanza, kisha mara moja kwa mwezi, mizani ileile, muandike. Mtu akija na namba zake tunajua tubadilishe dawa au tuangalie sahani.

Dada wa Ujiji
Asante sana nesi. Mdogo wangu ameyasoma yote, amenipigia. Amesema mawifi hawakujua kwamba sindano na vidonge ni vitu viwili. Je, aendelee na ile paketi ya kabatini pale alipoishia?

Nesi wa Zamu
Hapana, asiendelee nayo. Kama amekaa wiki kadhaa bila kumeza na ana mume, kwanza ahakikishe hana mimba, apimwe presha na uzito, aanze paketi mpya na aelezwe siku ya kuanza. Kituo cha serikali cha karibu kinatosha, vidonge hivyo ni bure.

Dada wa Ujiji
Sawa. Jumatatu anakwenda. Wengine wa kijiti mbona kimya? Tunawasubiri.