Feni ya rejeta imekufa: mota mpya, ex-Japan nzima au swichi ya mkono?

Mkaazi_Kasarani
Hamjambo wadau. Gari yangu inachemsha. Fundi ameinamia boneti dakika mbili akasema feni ya rejeta haizunguki, kisha akanipa njia tatu: mota mpya peke yake 3,500, feni nzima ya ex-Japan (mtumba kutoka Japani) pamoja na fremu yake 6,000, ama avute waya kutoka betri hadi swichi kwenye dashibodi niwe naiwasha mwenyewe, 1,500. Mfuko unasema hiyo ya tatu. Jumatatu lazima niwe barabarani. Mngechukua gani?

Spana_14
Gari gani? Ya mwaka gani? Inachemsha ukiwa kwenye jam au hata ukiwa mwendoni? Maji yanapungua? Ukiwasha AC feni inaitika? Umeuliza bei ya dawa kabla ya kutuambia unaumwa wapi.

Mpwani_Mjini
Kwanza gari haichemshi, gari lachemka. Anayechemsha ni mtu na sufuria yake. Baada ya hapo mjibu Spana_14.

Mkaazi_Kasarani
😂 Sawa mwalimu. Ni Toyota Fielder ya 2008, injini ya 1NZ. Thika Road usiku haina neno kabisa. Asubuhi nikikaa robo saa pale Pangani, taa nyekundu ya joto inawaka. Jam ikifunguka, inazima. Maji sijaona yakipungua. AC situmii, nimezoea vioo.

Spana_14
Hiyo ndiyo habari tuliyotaka. Gari likikimbia, upepo wa barabarani unapoza rejeta wenyewe, kwa hiyo feni iliyokufa huitambui. Likisimama, feni ndiyo upepo wa pekee. Lingekuwa linachemka hata mwendoni ningekutuma kwa thamostati (kilango kinachozuia maji mpaka injini ipate joto), pampu ya maji, rejeta iliyoziba au gasketi. Yako inanuka feni kweli. Lakini “feni haizunguki” na “mota imekufa” si kitu kimoja! Kabla ya kutoa shilingi:

Angalia fyuzi ya feni kwenye kisanduku cha chini ya boneti. Badilisha rilei ya feni (swichi ndogo ya umeme inayoiwasha) na nyingine inayofanana nayo kabisa. Washa AC uone. Kisha chomoa plagi ya mota uipe umeme moja kwa moja kutoka betri. Ikizunguka kwa nguvu, mota ni nzima, tafuta kosa kwenye rilei, sensa ya joto au waya. Isipozunguka, haya, nunua. Na vidole viwe mbali, feni hiyo huweza kuamka injini ikiwa imezimwa.

Dereva_44
Mnamchosha. Mimi nimeendesha matatu miaka tisa na swichi ya mkono. Ukiona jam, unabonyeza. Elfu moja na mia tano, kwisha maneno.

Mama_Ruaka
Ex-Japan nzima, usiulize mara mbili. Mota mpya za bei hiyo nimeweka mbili kwa Vitz yangu na hakuna iliyofika mwaka. Ile ya mtumba ina miaka mitatu sasa. Nenda Kirinyaga Road mwenyewe na uibebe ile mbovu, ulinganishe plagi na idadi ya mapanga. Na mwambie muuzaji aizungushe kwa betri mbele yako.

Baba_Pacha
Dereva_44, nitakusimulia kuhusu swichi yako. Mwaka juzi nilifungiwa moja kama hiyo. Mwezi mzima nikajisifu. Siku moja ndugu yangu akaniomba gari ampeleke mama kliniki. Nikampa funguo, nikamwambia habari za mafuta, za breki, hata za mlango wa nyuma unaokwama. Swichi sikuitaja. Kwangu ilishakuwa kama kufunga mkanda, mkono unajiendea.

Wakakwama Waiyaki Way, kule Kangemi, saa mbili asubuhi. Taa ikawaka, naye akafikiri ni ile ya injini ambayo huwaka siku zote. Akaendelea mpaka mvuke ukatoka. Akasimama kando, na kijana mmoja msamaria akataka kufungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa. Mama ndiye aliyepiga kelele akamzuia, la sivyo tungekuwa na mgonjwa wa pili. Silinda hedi, kile kichwa cha juu cha injini, ilipinda, ikapelekwa kusawazishwa kwa mashine, gasketi mpya, kulanti mpya, siku sita bila gari. Waya wenyewe tuliukuta umelainika kama tambi, kwa sababu fundi aliweka mwembamba na hakuweka rilei wala fyuzi. Mama hadi leo akiona gari langu huuliza kama “limekunywa maji”.

Dereva_44
Pole. Lakini hapo kosa ni la waya na la ulimi wako, si la swichi.

Mpwani_Mjini
Swichi inayohitaji hotuba kabla ya kuazima gari ni kosa.

Juakali_Kariobangi
Watu wanasahau thamostati. Itoe, maji yazunguke bila kizuizi, gari litabaki baridi. Mimi huwatolea wateja.

Spana_14
Hapana mzee! Ukiitoa, injini inachelewa kupata joto lake, kompyuta inadhani bado ni baridi na inazidisha mafuta. Na kwa jam ya Pangani haitasaidia, maji yatazunguka bure kama hakuna upepo wa kuyapoza. Afadhali uangalie kifuniko cha rejeta. Nairobi iko juu, maji yasiyo na shinikizo huchemka karibu digrii 94. Kifuniko kikilegea, shinikizo linatoka, ndiyo hiyo ndiyo hiyo.

Juakali_Kariobangi
Wateja wangu hawarudi kulalamika.

Mama_Ruaka
Hawarudi, ndiyo 😅

Mkaazi_Kasarani
Nimerudi. Fyuzi nzima. Nimebadilisha rilei, hakuna. AC nimewasha, feni kimya. Nimeipa umeme wa betri, kimya. Halafu jirani akaigonga mgongoni na mpini wa spana na ikazunguka! Nikaizima, nikaiwasha tena, kimya.

Spana_14
Brashi za kaboni, zile zinazopitisha umeme ndani ya mota, zimeisha. Swichi ya 1,500 ingepeleka umeme kwa maiti. Fundi wako alijua?

Mkaazi_Kasarani
Hata hakuichomoa plagi.

Juakali_Kariobangi
Brashi zinabadilishwa. Kuna mzee huku anazichonga mpaka zikae, hata elfu moja hufiki.

Mama_Ruaka
Zichongwe leo, zife Jumatano Pangani. Ex-Japan!

Baba_Pacha
Mimi naona mota mpya, ila ulizia waranti hata ya mwezi.

Mkaazi_Kasarani
Sasa njia zimekuwa nne. Kirinyaga Road Jumapili wanafungua?

Dereva_44
Wachache, asubuhi. Ukienda, niulizie bei ya taa ya nyuma ya Hiace, ya kushoto.