Ni katuni gani ilikufanya ushike penseli? Na hawa watoto wa simu je?

mchora_mabango_majengo

Asalaam alaykum wana jamvi. Nina swali linanisumbua tangu wiki jana, nataka kusikia watu wa Pwani hasa ingawa wa kokote karibuni.

Mimi nachora. Naandika mabango ya maduka, napaka matatu na tuktuk majina na picha za nyuma, na hio ndio kazi inanilisha mimi na wanangu wawili. Nikijiuliza nilianzia wapi sioni darasa wala mwalimu, naona dirisha la jirani huku Majengo, Mombasa. Nyumba zetu hizi za vyumba sita, tivii ilikuwa moja tu mtaa mzima, ya mama mmoja tukimwita Mama Mkubwa, tena ile isiyokuwa na rangi, na saa ya katuni ikifika sisi watoto tunajipanga nje dirishani manake ndani hatutoshi. Tom na Jerry. Wale hawaongei karibu kabisa na ndio uzuri wake, sisi Kiingereza hatujui hata neno lakini paka akifura mashavu ushajua ana hasira, panya akinyata ushajua anaenda kuiba, kila kitu kiko mwilini. Alafu inaisha. Dakika saba hivi, basi, huwezi kurudisha, huwezi kusimamisha, ni mpaka kesho na hio kesho si lazima waonyeshe ile ile.

Sasa mimi nikitoka pale nakimbia moja kwa moja nyumbani, sitaki mtu anisemeshe njiani, ile picha nimeishika kichwani kama mtu aliyeteka maji kwa viganja, nikifika naokota kipande cha mkaa nachora sakafuni uani kabla haijamwagika yote. Ukuta mamangu alinikataza, sakafu akaniachia. Asubuhi akipiga deki vyote vimeenda, jioni naanza upya. Nafkiri nimemchora yule paka mara elfu na hakuna hata mmoja uliobaki.

Na rangi nilijipangia mwenyewe. Nilipopata kreyoni za vipande vipande paka nikamfanya manjano na panya kijani, na nikawa najua kabisa ndivo walivyo. Nimekuja kuona tivii ya rangi niko darasa la sita, paka ni kijivu cha kwenda samawati na panya ni kahawia, na wallahi niliumia siku hio, niliona kama wamenibadilishia watu wangu.

Swali langu ni hili. Kijana wangu ana miaka tisa, katuni anazipenda kuliko nilivyozipenda mimi, anaangalia kwa simu ya mamake kumi mfululizo, anayotaka anairudia. Lakini hachori. Nimemnunulia daftari isiyo na mistari, penseli 2B, raba nzuri, akachora duara moja akarudi kwa simu. Nimebaki nafikiria, kumbe ni mapenzi ya katuni yalinifanya nichore ama ni ile kuikosa? Nyinyi mlioanza kuchora kwa sababu ya katuni, kwenu ilikuwaje?

hina_na_piko_kisauni

Wa alaykum salaam kakangu. Umenigusa hapo kwa mkaa.

Mimi kwetu tivii haikuwepo hata ya jirani, katuni zangu zilikuja na mahamri. Mamangu alikuwa anatumwa, sorry, mimi ndo nilikuwa natumwa asubuhi kununua mahamri na yule mama alikuwa anafungia na gazeti, na likiwa Taifa Leo basi siku yangu imenyooka, naangalia kama kipande nilichopata kina Juha Kalulu. Ile katuni ya Edward Gitau, ilikuwa mle gazetini toka babu zetu vijana. Siku nyingine napata visanduku viwili tu vya mwisho, mwanzo umeenda na mahamri ya mtu mwingine, inabidi nibuni mwenyewe ilianzaje.

Lile karatasi likilowa mafuta likawa linapitisha mwanga, na hapo ndo akili ilinijia. Nilikuwa nachukua karatasi ya daftari naipaka mafuta ya nazi kidogo sana kwa kidole, naipangusa, naiacha juani inywe mafuta, naiweka juu ya katuni nafuatisha. Penseli inateleza, lazima ukandamize, na hio kukandamiza bila kutetemeka ndio mkono nilionao mpaka leo. Bibi harusi akinipa mkono wake nimpake hina sipigi mchoro wa kwanza wa penseli, natia koni ya hina moja kwa moja, shina, jani, ua, watu wananiuliza nilisomea wapi. Nilisomea kwa Juha Kalulu.

Kwa hivo kwangu haikuwa kukosa, picha ilikuwa yangu kabisa, nalala nayo chini ya godoro wiki nzima mpaka inachanika. Ilikuwa ni kukaa na picha MOJA. Kijana wako hana shida ya kurudia, shida ni zile kumi mfululizo, ya kwanza haijakaa ya pili ishaingia. Mpe moja. Mchapishie hata pale saibani karatasi moja tu ya katuni anayoipenda uibandike ukutani pa kitanda, usimwambie chora, nyamaza tu.

kalamu_ya_mwanzi

Nimesoma hapa kimya nikaona na mimi niseme neno, mimi ni mtu mzima kidogo kuliko nyinyi.

Nikiwa mdogo Mji wa Kale nilichora katuni hadi jalada la juzuu, na ustadhi wetu wa madrasa akaniita pembeni akanieleza habari ya kuchora viumbe wenye roho. Hakunipiga wala hakunifedhehesha mbele ya wenzangu, na hilo namuombea mpaka leo. Jambo lenyewe masheikh wana maelezo yao na wametofautiana, hasa kwenye vitu vya watoto, kila mmoja amuulize anayemwamini, sitaki tulifungue hapa. Nataka kusema alichofanya baada ya hapo. Alinipa kalamu ya mwanzi, akanichongea ncha kwa mshazari, akaniambia mkono huu usilale.

Nikaingia khati, ile sanaa ya kuandika herufi za Kiarabu kwa urembo. Na nilichokiona, yakhe, ni kwamba nilikuwa nusu njia tayari. Mchora katuni anampima mtu wake kwa vichwa, huyu urefu wake vichwa vitatu, yule vinne, akikosea kesho yake mtu si yule tena. Na sisi alifu, herufi ya kwanza, tunaipima kwa nukta za kalamu ile ile unayoandikia, na herufi zote zinafuata alifu. Tumbo la herufi nuni na tumbo la paka aliyekula akashiba ni mkunjo mmoja. Mstari unaanza mwembamba, unanenepa, unakufa mwembamba. Haya nilikuwa nayafanya kwa mkaa kama wewe nikiwa na miaka minane bila kujua jina lake.

Mwanangu, usimpime kijana kwa paka. Anaweza kuyapokea mapenzi ya katuni yakamtokea pahali pengine kabisa ambapo wewe hupatazami.

pichasekunde24

Kaka mkubwa shikamoo, na shikamoo mzee wa khati. Mimi nafanya animesheni niko huku Bamburi, bado natafuta njia lakini ndo kazi nimeichagua.

Kwa hili la kukosa naomba nipinge kidogo. Osamu Tezuka, Mjapani aliyeleta Astro Boy kwa tivii mwaka 1963, yeye hakukosa, babake alikuwa na projekta nyumbani wakiangalia katuni za Marekani, na Bambi, ile filamu ya Disney, ilipofika Japani aliiangalia mara nyingi ajabu, anarudi anarudi. Yale macho makubwa mnayoyaona kwenye katuni za Kijapani mzizi wake mmoja ni huo, mapenzi yake kwa katuni za Disney na za Fleischer, studio nyingine ya Marekani. Akira Toriyama wa Dragon Ball, aliyefariki 2024, alivutwa na filamu ya wale mbwa madoadoa mia na moja angali mtoto, akawachora, akapata zawadi kwa darasa la kuchora la kwao. Na kuna dada wa Zambia, Malenga Mulendema, yeye kilichomsukuma ni swali, katuni alizozipenda utotoni mbona mashujaa wote hawafanani na yeye, akakaa na swali hilo mpaka ikatoka katuni yake Supa Team 4 mwaka 2023. Kwa hivo wengine wanachora ili waibakishe, wengine wanachora kuijaza mahali palipobaki wazi. Kama yule dada wa hina alivyokuwa anabuni visanduku vilivyoenda na mahamri ya watu.

Mimi mwenyewe ilikuwa namba. Mtu aliniambia filamu ni picha 24 kwa sekunde moja, nikachukua kalkuleta, dakika saba ni sekunde 420, zidisha na 24 ni picha 10,080. Hata wakichora moja kuitumia mara mbili, na mara nyingi ndivo walivyofanya, ni 5,040 kwa mkono. Na Hanna na Barbera, wale waliozibuni, walizitoa Tom na Jerry 114 kati ya 1940 na 1958. Nilikaa kitako. Kumbe kulikuwa na MTU, watu wengi, wamekaa mahali wamechora kila kitu kile, si kitu kinachojitokea tu kwa tivii. Toka siku hio sikuweza tena kuangalia bila kutaka kujua wamefanyaje.

Sasa simu ndo ina faida ambayo nyinyi hamkuwa nayo, inasimama. Muekee mwanao katuni ya zamani YouTube, mwambie asimamishe pale mtu anapokimbia ama anapogeuka ghafla. Atakuta picha ya ajabu, mkono umevutika kama ubwabwa umeshikwa na mwiko, ama miguu imekuwa sita. Watoto wakiona hizo wanapiga kelele, wanadhani simu imeharibika. Mwambie ilichorwa hivo makusudi ili jicho liamini kasi. Mwache azitafute mwenyewe kama anatafuta dafu lililoanguka. Akizipenda ndo umuonyeshe FlipaClip, ile app ya kuchora katuni, inakubali simu ya kawaida, ama mwanzo kabisa pembe ya daftari, picha ndogo kila karatasi kisha unazifyatua kwa kidole gumba. Mimi nilianza na hio, mpira unadunda karatasi 40.

Na kompyuta asije akaambiwa ni ya matajiri. Programu ya kuchora Krita ni bure, Blender ya animesheni ni bure, na ile filamu ya paka ya Latvia, Flow, iliyopata Oscar 2025 ilitengenezwa na hio Blender ya bure.

mwalimu_wa_chekechea_tudor

Mimi fupi tu. Mkaa wa sakafuni umenikumbusha kitu, siku ya mapumziko mpeleke kijana Ngome ya Yesu. Mle ndani kuna kipande cha ukuta kimehifadhiwa, mabaharia Wareno walikichora kwa mkaa na udongo mwekundu, majahazi yao, watu, samaki. Ngome ilianza kujengwa 1593, hesabu mwenyewe. Nikiwapeleka wadogo zangu pale maelezo yote ya mizinga hawasikii, lakini ukuta ule wanasimama, na kila mara kuna mmoja ananiuliza mwalimu, hawa hawakupigwa na mama zao?

Na walimu wenzangu mnaosoma hapa, mtoto akichora pembeni mwa kitabu cha hesabu msimchanie karatasi jamani. Mimi nilichaniwa. Nina miaka arobaini na moja na naweza kuwachorea sasa hivi ile picha iliyochanwa.

mchora_mabango_majengo

Ahsanteni sana, dadangu wa hina, mzee wangu, kijana wa Bamburi marahaba, mwalimu shukran na pole kwa ile karatasi.

Ngome ni Jumapili inshallah. Kwa sasa niwaambie ya juzi. Nilifanya la kijana wa Bamburi, nikamwambia tu nimeskia kuna picha zimefichwa ndani ya katuni, za mikono mingi, basi saa nzima anasimamisha, anasogeza, anasimamisha. Akaja mbio, baba, nimempata ana miguu minane! Nilitaka kumpa daftari papo hapo, nikamkumbuka dada aliyesema ninyamaze. Nikanyamaza, na haikuwa rahisi.

Usiku simu ikachukuliwa na mamake. Nikamuona ameketi pale penye ngazi na ile daftari, simu hana, anaangalia ukuta tu, anafumba macho, anachora, anafumba tena. Mzee wangu umesema kweli, hakuchora paka wala panya. Amechora tuktuk yangu inakata kona ya Mwembe Tayari, magurudumu kumi na moja nimehesabu, na mlio umevutika nyuma yake kama kitambaa, na dereva ni mimi, kichwa kikubwa mwili mdogo, vichwa viwili na nusu.

Nikamuuliza nichukue rangi za kazini nimpakie. Akaivuta daftari kifuani akasema hapana, rangi atachagua yeye.

Dada wa hina, yale mafuta ya nazi unayaacha juani muda gani ndio karatasi isinate?